Kufuta Nako ni Kumbukumbu

Katika elimu ya kutunza kumbukumbu kwa kompyuta, jambo moja husisitizwa sana na jingine husahauliwa. Linalosisitizwa ni kwamba kila ofisi, kila shule na kila chama cha ushirika hakina budi kuwa na nakala rudufu ya mafaili yake. Linalosahauliwa ni kwamba kumbukumbu sahihi haionyeshi tu vitu vilivyopo, bali huonyesha pia vile vilivyokwisha kuondolewa. Nakala inayohifadhi nyongeza zote na kupuuza maondoleo yote itarudisha, siku ya maafa, shule ambayo haikupata kuwapo siku yoyote ile: wanafunzi waliohama wamo, waliosahihishiwa majina wamo mara mbili, na waliofariki wamesimama mstarini pamoja na wenzao.

Makala haya yanadai kwamba kosa hilo si dogo, kwamba dawa yake imejulikana kwa muda mrefu, na kwamba mahali pa kuifundisha ni shule ya sekondari.

Haja ya nakala katika nchi ya milima

Na ichukuliwe Mamba, katika safu ya Upare ya Kusini, wilaya ya Same. Nchi hiyo inajulikana kwa kilimo cha tangawizi, na wakulima wake wana ushirika na kiwanda cha kusindika zao hilo. Mahali kama hapo pana madaftari mengi: orodha ya wanafunzi, orodha ya wanachama wa ushirika, kilo alizoleta kila mkulima, na malipo anayodai. Waswahili wamesema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo sehemu kubwa ya madaftari hayo inahamia katika kompyuta, na hatari za kompyuta ni tofauti na zile za karatasi. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, diski inaweza kuharibika kwa nukta moja, na kazi ya miaka mitano ikatoweka.

Zaidi ya hayo, mlima wenyewe unaweza kusogea. Mwezi wa Novemba 2009 mvua kubwa zilileta maporomoko ya ardhi katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, na watu wasiopungua 20 walipoteza maisha. Katika msiba wa namna hiyo roho za watu ndizo za kwanza. Hata hivyo, baada ya mazishi, walio hai huhitaji hati za mashamba, vyeti na hesabu za ushirika ili waanze upya. Kwa hiyo nakala iliyowekwa katika kabati lile lile la kompyuta haitoshi. Yafaa nakala nyingine iwe mbali, kwa mfano katika mji wa Same. Wala haitoshi kutegemea hifadhi ya mbali kwa njia ya intaneti peke yake: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya mawasiliano ilikatika, na huduma za intaneti zikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo.

Hayo yote yanajulikana na walimu wengi. Lakini swali linalofuata huulizwa na wachache: nakala hiyo ikirudishwa, itarudisha nini hasa?

Nakala kamili na nakala ya nyongeza

Nakala kamili ni ile inayochukua kila faili. Ni salama na rahisi kueleweka, ila inakula nafasi na wakati. Kama mafaili 480 yamo katika kompyuta na 10 tu yamebadilika leo, kunakili tena yale 470 mengine ni kupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo ilibuniwa nakala ya nyongeza. Nakala kamili huchukuliwa mara moja, tuseme Jumapili, kisha kila usiku mashine hunakili mafaili yale tu yaliyoongezwa au kubadilishwa tangu nakala ya mwisho. Siku ya kurejesha, nakala kamili hutangulia, halafu nyongeza hufuata moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa siku zake. Mpangilio ukivurugwa, faili la Jumatatu laweza kufunika lile jipya la Alhamisi.

Sasa mwanafunzi na ajiulize jinsi mashine inavyotambua faili lililobadilika. Njia rahisi ni kutazama tarehe ya faili: ikiwa ni ya baadaye kuliko tarehe ya nakala ya mwisho, faili hunakiliwa. Njia nyingine ni alama ndogo ambayo kompyuta huibandika juu ya faili kila linapoandikwa, na ambayo programu ya nakala huibandua inapomaliza kazi yake. Njia zote mbili zina kasoro ya aina moja. Faili lililofutwa halina tarehe, wala halina mahali pa kubandikwa alama. Mashine ikipita usiku haikuti kitu cha kutazama, na kwa kuwa hakuna kitu, haiandiki kitu. Kutokuwapo kwa faili hakuachi dalili yoyote kwa yule anayetazama mafaili yaliyopo tu.

Hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Kuongeza hujitangaza kwenyewe; kufuta hakujulikani mpaka kuandikwe.

Hesabu ya juma moja

Ili jambo hili lisibaki kuwa la maneno, na itazamwe shule ya mfano tu, ambayo kila mwanafunzi wake ana faili moja.

Jumapili usiku: mafaili 480, na nakala kamili inachukuliwa.

Jumatatu: wanafunzi 6 wapya wanaandikishwa. Nyongeza ya usiku ina mafaili 6.

Jumanne: wanafunzi 12 wanahamia shule nyingine na mafaili yao yanafutwa. Nyongeza ya usiku haina kitu.

Jumatano: majina ya wanafunzi 5 yaliyoandikwa vibaya yanasahihishwa, kwa hiyo mafaili 5 yanapata majina mapya. Nyongeza ina mafaili 5.

Alhamisi: wanaingia 3, wanatoka 8. Nyongeza ina mafaili 3.

Ijumaa asubuhi diski inaungua.

Idadi ya kweli Alhamisi usiku ilikuwa 480 kuongeza 6, kutoa 12, kuongeza 3, kutoa 8, yaani 469. Lakini mrejeshaji anapounganisha nakala kamili na nyongeza zote hupata 480 kuongeza 6, kuongeza 5, kuongeza 3, yaani 494. Yamezidi mafaili 25, nayo ni yale 12 ya Jumanne, 8 ya Alhamisi, na 5 yenye majina ya kale yaliyorudi kusimama kando ya majina mapya.

Yapo mabaya zaidi. Katika mifumo mingi kubadili jina la faili hakubadili tarehe ya yaliyomo. Programu inayotegemea tarehe hiyo peke yake haitayanakili mafaili 5 ya Jumatano kabisa, maana tarehe zao ni za kale. Hapo mrejeshaji atapata mafaili 489: majina mapya yamepotea, yale yenye makosa yamerudi, na hakuna dalili yoyote ya kosa. Mashine itasema kazi imekwisha vyema, na kwa upande wake itakuwa inasema kweli.

Baadhi ya watu hudhani kwamba kasoro hii huepukwa kwa kutumia nakala ya limbikizo, yaani ile inayochukua kila usiku mabadiliko yote tangu nakala kamili ya mwisho, ili urejeshaji uhitaji nakala mbili tu. La hasha. Njia hiyo hupunguza kazi, lakini faili lililokuwamo katika nakala kamili na kufutwa baadaye litarudi vile vile.

Madhara yake katika jamii

Msomaji aweza kusema kwamba mafaili 25 yaliyozidi ni shida ya fundi, naye atayaondoa. Lakini ni nani atakayeyajua? Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, fedha za uendeshaji wa shule hukadiriwa kwa idadi ya wanafunzi. Mwaka huo huo Serikali iliendesha msako mkubwa wa wafanyakazi hewa katika orodha za mishahara ya umma, na majina yaliyogunduliwa yalihesabika kwa maelfu. Wanafunzi hewa nao walitafutwa mashuleni. Taifa zima lilijifunza kwamba jina lililopaswa kuondoka na halikuondoka ni mlango wa fedha. Katika msako wa namna hiyo, mwalimu mkuu ambaye orodha yake ina majina 25 yasiyo na watu atajieleza vipi? Wizi haukuwapo, mwizi hakuwapo. Kilichokuwapo ni nakala iliyojua kujumlisha na isiyojua kutoa. Na mkaguzi hana njia ya kutofautisha kosa la mashine na hila ya binadamu, kwa sababu matokeo ya yote mawili yanafanana.

Katika ushirika wa wakulima hali ni ile ile. Mwanachama aliyekwisha kulipwa deni lake na faili lake la madai kufutwa, litakaporejeshwa ataonekana anadai tena. Aliyeuza shamba lake ataonekana bado ni mwenye shamba. Ugomvi wa namna hiyo hauishi upesi, hasa pale pande zote mbili zinaposhika karatasi zilizotoka katika mashine moja.

Sheria nayo imeingia katika suala hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatambua kwamba taarifa za mtu zisizo sahihi hustahili kusahihishwa au kufutwa. Kenya ilikwisha kutunga sheria ya namna hiyo mwaka 2019. Taasisi iliyofuta taarifa za mtu kwa haki, kisha ikazifufua kwa nakala mbovu, imeivunja ahadi yake bila hata kujua kwamba imeivunja.

Tena lipo suala la imani. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hesabu zilizotegemewa kuendeshwa kwa mashine kushindwa kuleta manufaa yaliyotarajiwa. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, lakini fundisho lake limebaki: watu hawaichukii mashine kwa kuwa ni ngeni, wanaiacha pale matokeo yake yasipoaminika.

Dawa iliyokwisha kupatikana

Karani wa zamani alilijua jambo hili kabla ya kompyuta. Mwanafunzi alipohama, jina lake halikukwanguliwa kwa wembe. Lilikatwa kwa mstari, na pembeni ikaandikwa tarehe na neno “amehama”. Mstari ule ulikuwa ni maandishi. Aliyenakili daftari alinakili na mstari pia. Kompyuta ilipokuja na uwezo wa kufuta bila kuacha alama, ilileta usafi, lakini iliuondoa ushahidi.

Mafundi wa mifumo ya Unix walilitambua pengo hilo mapema. Programu yao ya kale ya kunakili diski nzima, iitwayo dump, haiandiki mafaili yaliyobadilika tu. Huandika pia ramani inayoonyesha ni nafasi zipi za mafaili zinazotumika na zipi zilizoachwa wazi, ili mrejeshaji aondoe vile visivyokuwapo. Programu ya tar, iliyotokea katika Unix Toleo la Saba mwaka 1979, iliboreshwa katika tar ya GNU kwa njia inayofanana na hiyo: ikitumiwa kwa utaratibu wake wa nyongeza, kila nakala hubeba orodha ya majina yote yaliyokuwamo katika kila saraka usiku ule, hata yale ambayo yaliyomo ndani yake hayakunakiliwa. Wakati wa kurejesha, programu hulinganisha, na faili lisilo katika orodha huondolewa. Katika mfano wa shule ya hapo juu, nyongeza ya Jumanne isingekuwa tupu. Ingekuwa na orodha ya majina 474, na orodha hiyo ndiyo ingewatoa wale 12.

Tahadhari moja haina budi kutolewa hapa. Programu inayoondoa kila kisichokuwa katika orodha itaondoa pia kazi mpya iliyofanywa baada ya nakala kuchukuliwa. Kwa hiyo urejeshaji ufanywe kwanza katika diski tupu, ukaguliwe, kisha ndipo mafaili yahamishwe mahali pake.

Programu za siku hizi, kama Borg na restic, zimelisogeza wazo hilo mbele. Kila usiku huwa na picha kamili ya orodha yote, lakini yaliyomo yasiyobadilika huhifadhiwa mara moja tu na kutumiwa na picha zote kwa pamoja. Mrejeshaji huchagua usiku anaoutaka na kupata hali ya usiku ule ule, bila kuunganisha vipande. Programu hizi zote, pamoja na tar ya GNU, hupatikana bila malipo.

Hata hazina kubwa za data zilizotawanywa katika mashine nyingi zimelazimika kufuata hekima ya karani. Katika mfumo uitwao Cassandra, data ikifutwa huwekwa alama inayoitwa jiwe la kaburi, na kwa kawaida jiwe hilo hukaa siku 10 kabla ya kuondolewa. Mashine iliyokuwa imezimika ikirudi katika muda huo huliona jiwe na kujua kwamba data ile imekufa. Ikichelewa kupita muda huo, huweza kuirudisha data mfu kana kwamba ni hai. Kwa hiyo tatizo la Mamba na tatizo la makampuni makubwa ya ulimwengu ni tatizo moja.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni kwamba kuzidi si kupungua, na afadhali faili la ziada kuliko faili lililopotea. Hoja hii ina ukweli kwa picha, barua na mitihani ya zamani. Haina ukweli kwa orodha. Orodha ni dai kwamba waliomo wamo na wasiomo hawamo. Ikizidi kwa jina moja imekwisha kuwa ya uongo, sawasawa na ikipungua kwa jina moja.

Hoja ya pili ni ya wale wanaosema: basi nakala ifanywe kuwa kioo cha kompyuta, kinachofutwa huku kifutwe na kule usiku ule ule. Njia hii huondoa mafaili yaliyofufuka, lakini huleta hatari kubwa zaidi. Mtu akifuta kwa bahati mbaya saa nne asubuhi, usiku nakala nayo itafutwa, na kosa litakuwa halina tiba. Kufuta kwa makusudi na kufuta kwa makosa hakutofautiani machoni pa mashine. Kwa hiyo haja si kufuta nakala, bali kuandika kwamba faili limefutwa na kuzitunza nakala za siku zilizopita kwa muda uliowekwa. Nazo zikiwa na taarifa za watu, muda huo uwe na mwisho.

Hoja ya tatu ni kwamba shule haina fundi wala fedha. Lakini orodha ya majina ya mafaili elfu moja ni karatasi chache tu. Mwalimu asiye na programu yoyote ya pekee anaweza kuchapa orodha hiyo kila Ijumaa, kuhesabu, kutia sahihi, na kuiweka pamoja na nakala. Siku ya kurejesha atalinganisha. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka mjini.

Wajibu wa shule ya sekondari

Ulimwenguni kote kosa kubwa ni kuamini nakala ambayo haijapata kurejeshwa. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia wengine programu zao, ilifuta kwa makosa hazina yake kuu ya data. Njia kadhaa za nakala zilizodhaniwa kuwapo zilikutwa hazifanyi kazi, na data ya muda wa saa sita hivi ikapotea. Ikiwa wataalamu hao walishindwa siku ya haja, mwalimu wa milimani asione aibu kujaribu kabla ya siku hiyo.

Jaribio lenyewe latosha kwa kipindi kimoja. Wanafunzi watengeneze mafaili 20 na kuchukua nakala kamili. Wafute 4, wabadilishe majina ya 2, waongeze 3, kisha wachukue nakala ya nyongeza. Kabla ya kurejesha, kila mmoja aandike katika daftari lake idadi anayoitarajia. Kisha warejeshe katika saraka tupu na kuhesabu. Wanaopata 19 watakuwa na programu inayokumbuka maondoleo. Wanaopata 25 watakuwa wameona kwa macho yao yale mafaili 6 yaliyofufuka, nao hawatasahau.

Faida ya somo hilo haiishii katika kompyuta. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura hubandikwa hadharani ili wananchi waonyeshe majina ya wasiostahili kuwamo, na wanakijiji huulizana katika mkutano ni nani amehama na nani amefariki. Katika mambo hayo yote raia huhitaji akili moja: kuuliza si tu ni nani ameingia, bali pia ni nani ametoka, na wapi pameandikwa kwamba ametoka.

Kwa hiyo yafaa mitaala ya kompyuta katika shule za sekondari isimalizie katika sentensi isemayo kwamba nakala rudufu ni muhimu. Iendelee kusema kwamba nakala hupimwa kwa urejeshaji, na urejeshaji hupimwa kwa orodha. Wakaguzi wa shule nao, watakapokuta kabati lenye nakala, waombe kuiona ikirejeshwa, na wahesabu majina mbele ya mwalimu. Nakala itakayotoa idadi ile ile iliyoandikwa na kutiwa sahihi Ijumaa iliyopita, hiyo ndiyo ya kutegemewa.